Gunia Linaloogopa Kona

Kifanya, 17 Februari 2024

Baba Mkwe Yoeli Mtewele,

Shikamoo Baba.

Sisi huku shambani hatujambo. Mvua inanyesha vizuri, viazi vimeshika, baridi ni ile ya kila mwaka. Natumaini na ninyi Makambako mko salama, wewe na shemeji Peace.

Nimeona heri niandike kuliko kupiga simu. Mtandao huku tunaupata juu ya kilima tu, na hata nikipanda kilimani, wewe na mimi hatujawahi kuongea kwenye simu zaidi ya salamu. Naona ndivyo inavyofaa kati ya mtu na mkwewe. Barua hii inakuja na kondakta wa basi la asubuhi, pamoja na mfuko wenye shokapu mbili za nyuma za pikipiki yangu. Moja inavuja oili. Ya pili haivuji, nadhani kwa sababu oili yake ilikwisha zamani.

Ombi langu ni hili. Kuna gunia la viazi ninalolipeleka Njombe mjini kila baada ya wiki mbili. Lina kilo kama sitini. Njia ya kutoka shambani hadi barabara kubwa unaijua: malori ya nguzo za umeme yameifanya kama ubao wa kufulia, na pale yasipopita maji yamechimba. Viazi vinachubuka, na mnunuzi wa mjini hapokei kiazi kilichochubuka. Nataka shokapu za kulifikisha gunia bila kuchubuka. Mwendo si tatizo, naweza kwenda polepole kama mtu anayesindikiza jeneza.

Ni mimi mkweo,
Elius Mwalongo


Kifanya, 17 Februari 2024

Mdogo wangu Peace,

Nimemwambia kondakta barua hii akupe wewe mkononi, kando na ile ya Baba. Ukishaisoma iunguze.

Elius amemwandikia Baba habari za gunia la viazi. Hakuna gunia. Gunia ni mimi.

Mimba ina karibu miezi minne. Usipige kelele hapo dukani. Unakumbuka zile mbili za kwanza. Zote mbili Mama alimwambia Baba siku hiyohiyo, maana habari kama hii humfikia baba kwa kinywa cha mama, na zote mbili Baba alianza kutembea kama kijana. Ya pili ilipotoka, alikaa mwezi mzima bila kupiga mluzi bandani. Nakumbuka ule ukimya wa banda kuliko maumivu yangu mwenyewe. Sasa Mama hayupo tena duniani, shangazi Lucia yuko mbali Tandala, na Elius hawezi kumtamkia mkwe wake maneno ya tumbo la mkewe. Kwa hiyo hakuna mtu wa kumwambia Baba, na mimi nimeona afadhali iwe hivyo. Akianza kutumaini tena, mimi nitakuwa na watu wawili wa kuwabeba.

Shida yangu ni barabara. Natakiwa kliniki ya Njombe kila wiki mbili kwa sababu ya historia yangu. Gari haishuki huku msimu wa mvua. Nesi ameniambia wazi, bila kunibembeleza: barabara haikuziua zile mimba mbili, kitakachoiua hii ni kukosa kupimwa. Nilimwelewa. Nikarudi nyumbani, nikalala, nikaiota barabara.

Ndoto ni moja kila siku. Niko nyuma ya Elius na pikipiki haigusi chini. Ukungu unapita chini ya magurudumu, vilele vya mipaini vinapita pembeni, na hakuna sauti. Halafu nakumbuka kwamba barabara ipo. Nikishakumbuka tu, tunaanguka juu yake.

Kliniki iliyopita sikwenda. Nilifika hadi kwenye pikipiki, nikashika siti, nikarudi ndani.

Kama Baba atatengeneza vizuri, labda nitapanda. Wewe funga mdomo.

Dada yako,
Erica


Makambako, 24 Februari 2024

Mkwe Elius,

Marahaba. Kamwene nyote huko.

Mfuko umefika. Shokapu zako nimeziweka pembeni, hazifai hata kwa mwanasesere. Nakutumia nyingine. Zilikuwa kwenye pikipiki ya mfanyabiashara wa mahindi ambaye hupakia magunia mawili kwa mara moja. Springi zake ni nene, na pete ya kukazia nimeisogeza hadi kituo cha mwisho.

Nikueleze sababu. Gunia ni mzigo mfu. Halijishiki, wala halijiinui likiona shimo. Ukiliwekea springi laini litadunda, likidunda kamba italegea, kamba ikilegea viazi vitasuguana. Shimo peke yake halichubui kiazi. Funga kwa kamba ya mpira, kaza sana, jaza matairi upepo wa kutosha, na uache springi ngumu ifanye kazi yake. Litafika.

Erica hajambo? Hukumtaja katika barua yako.

Yoeli Mtewele
Fundi pikipiki


Kifanya, 9 Machi 2024

Peace,

Zimefungwa, nimepanda, na nimeshuka.

Nilijifunga kanga mbili kiunoni, nikavaa kofia ngumu, nikasali. Hadi shule ya msingi nilikuwa najiambia si mbaya. Baada ya hapo ilikuwa kama kukaa juu ya fuawe na mtu anapiga chini yake. Kila tuta dogo lilinijia zima, halikupunguzwa chochote. Elius anaenda polepole, maskini, anageuka kila mara kuniuliza, na kila akigeuka anaingia shimo jingine. Kwenye kona ya mteremko wa mtoni tumbo lilikaza likawa gumu kama ubao. Nikampiga mgongoni, akasimama. Nikakaa kwenye majani. Ukungu ulishuka hadi sikumwona tena, nikawa nasikia tu injini ikipoa, ti, ti, ti.

Baadaye tumbo lililegea. Tulirudi kwa miguu, yeye anaikokota pikipiki kama ng'ombe aliyegoma.

Kliniki mbili sasa zimepita. Nimemwambia sipandi tena, na yeye hakubishana. Usiku anakaa jikoni anaangalia moto. Najua anataka kumwandikia Baba ukweli na hawezi, na mimi simruhusu.

Peace, tafuta namna. Lakini usiseme.

Erica


Makambako, 14 Machi 2024

Dada Erica,

Shikamoo. Nimejaribu. Sijui kama nimefaulu au nimeharibu.

Jana nilikuwa napanga plagi kwenye kabati na Baba amekaa kwenye kigoda chake anafungua kabureta. Nikaanza kwa mbali.

"Baba, hivi viazi vya siku hizi si vimekuwa laini sana?"

"Viazi vya wapi?"

"Vya Kifanya."

"Viazi ni viazi."

"Labda springi zile ni ngumu mno."

"Tangu lini wewe umekuwa fundi wa springi? Juzi umemuuzia mtu plagi ya jenereta akafunge kwenye pikipiki."

Geofrey, yule dereva wa bodaboda anayejifanya mwenyeji hapa bandani, alikuwa amejilaza kwenye siti ya pikipiki yake akisubiri cheni. Akadakia bila kualikwa: "Mzee, mkweo anabembeleza viazi kama mayai ya kuku wa kienyeji! Mwambie avibebe mgongoni na kanga."

Kila mtu akacheka. Baba hakucheka. Alishika bisibisi, akaitazama, akaiweka chini.

"Kwa nini wewe unavijali hivyo viazi?" akaniuliza.

"Mimi? Sivijali. Nauliza tu."

"Mm."

Akaendelea na kabureta. Dada, ile "mm" yake unaijua. Baada ya hapo hakusema neno hadi jioni, isipokuwa kumwambia Geofrey cheni yake iko tayari na mdomo wake nao unahitaji kukatwa pingili mbili.

Nimefunga mdomo kama ulivyosema. Unaniuma.

Mdogo wako,
Peace


Kifanya, 20 Machi 2024

Baba,

Shikamoo.

Shokapu nimezifunga kama ulivyoelekeza. Ni imara, sina neno juu ya uimara wake. Lakini gunia halikuridhika.

Tulipofika kona ya mteremko wa mtoni gunia liliogopa. Namaanisha kwamba lilielemea upande. Ikabidi nisimame lipumzike. Tangu siku hiyo limekataa kupanda, na wiki mbili nyingine zimepita, na mnunuzi wa Njombe alisema wazi kwamba tukikosa siku zake asilaumiwe kwa kitakachotokea. Hili ndilo linaloninyima usingizi, Baba, wala silitii chumvi.

Naomba kujua kama springi inaweza kuwa laini zaidi bila kudunda. Halafu nikifunga breki, pikipiki inainama mbele na gunia linasukumwa mgongoni kwangu. Halafu vikanyagio vya nyuma viko juu mno, magoti yanapanda hadi tumboni.

Samahani kwa kukusumbua. Karatasi niliyonayo ni hii moja, kwa hiyo siwezi kuandika upya hata kama nimekosea mahali.

Mkweo,
Elius


Makambako, 27 Machi 2024

Mkwe Elius,

Barua yako nimeisoma hapa bandani, halafu nikaenda kuisoma tena nyumbani.

Nimefanya kazi hii muda mrefu. Nimeona gunia lililopasuka, lililolowa, na lililoibwa likiwa bado limefungwa kwenye keria. Gunia lenye magoti sijaliona. Lakini fundi habishani na mzigo. Anaupima.

Nilikupa springi ya mzigo mfu kwa sababu ndivyo ulivyoandika. Mzigo ulio hai unatakiwa vitu vingine kabisa. Springi iwe laini na ndefu, na shokapu iwe na oili nzima ndani, maana springi ndiyo inayopokea shimo lakini oili ndiyo inayoizuia isirudi kwa hasira. Kinachomuumiza mtu ni ule mrudisho. Shokapu za mbele zitiwe oili nzito zaidi, zisiiname ovyo kwenye breki. Siti iongezwe godoro. Vikanyagio vishuke na visogee mbele kidogo. Upepo wa tairi la nyuma upungue, si sana.

Njoo na pikipiki. Gunia usilete, njia ya kulileta ndiyo hiyohiyo mbaya. Libaki nyumbani, lilale mapema, lisichote maji mtoni. Springi haipimwi ikiwa tupu, lazima mtu akae juu yake, kwa hiyo nitatafuta mzigo wa uzito uleule hapa hapa. Niambie gunia lina kilo ngapi leo, na lilikuwa na kilo ngapi Februari. Gunia la namna hii huongezeka. Nitaiweka springi kwa uzito litakalokuwa nao mwisho.

Fanya haraka kabla siku nyingine ya mnunuzi haijapita.

Haya yabaki kati yetu wawili. Hata Peace usimwambie, ana mdomo.

Yoeli Mtewele


Makambako, 14 Aprili 2024

Dada Erica,

Kaa chini kwanza. Mumeo amerudi jana na bila shaka hajakwambia chochote, kwa sababu yeye na Baba wameapishana kwa macho. Mimi nakwambia.

Siku ya kwanza na ya pili walifungua tu. Baba alipata shokapu kutoka kwenye pikipiki kubwa ya mtu wa miradi, iliyogongwa upande wa mbele, nyuma nzima. Springi zake zimesokotwa namna mbili, juu zimekaribiana, chini zimeachana. Akamweleza shemeji kwamba zile za juu zinashughulika na makokoto na zile za chini zinangoja shimo. Walikuwa wanaongea vizuri, lakini kama kawaida yao: Baba anaiambia pikipiki, na shemeji anaijibu pikipiki.

Siku ya tatu ikawa ya kuweka pete. Baba akasema anahitaji mzigo ulio hai wa kilo sitini na sita. Mimi nikajitokeza. Akanitazama juu hadi chini, akasema, "Wewe ni nusu mzigo." Geofrey akajitokeza, akaambiwa yeye amezidi na mwingi ni upepo. Basi Baba akaenda kwenye mzani wa wanunuzi wa mahindi, akapanda mwenyewe. Pungufu kidogo. Akafunga mnyororo mzito kiunoni ndani ya koti, akapanda tena.

"Imefika," akasema.

Dada, nilijua anachotaka kufanya na sikuamini. Huyu ni Baba ambaye shemeji akiingia sebuleni yeye huhamia kiti cha mlangoni. Tangu mlipooana sijawaona wamekaa benchi moja. Akamwambia shemeji apande. Shemeji akapanda. Baba akazunguka nyuma, akainua mguu, akakaa.

Mama muuza uji akasimama na kikombe mkononi.

"Nishike wapi?" Baba akauliza.

Nilimwona shemeji shingo imekuwa nyeusi kwa aibu.

"Nimeuliza, gunia huwa linashika wapi?"

"Kiunoni, Baba."

Akamshika kiunoni. Geofrey akafungua mdomo, nikamwonyesha spana, akaufunga.

Wakaenda ile njia ya udongo inayotoka nyuma ya soko kuelekea mashambani. Nikawafuata na pikipiki ya mteja, Mungu anisamehe. Na hapa ndipo nilipoona jambo ambalo sitalisahau. Baba alikuwa amefumba macho. Amekaa wima, kidevu karibu na bega la shemeji, macho yamefumbwa kabisa kama mtu kanisani. Walikwenda hivyo hadi kwenye mti wa mkaratusi uliokatika, wakageuka. Akafungua macho, akashuka, akazungusha pete kituo kimoja, akapanda, akafumba tena. Walifanya hivyo asubuhi nzima. Vumbi jepesi, jua dogo, injini inanguruma taratibu. Nikafika mahali sikujua tena kama wanakwenda au ni mashamba yanayosogea na wao wamesimama.

Nilimuuliza baadaye kwa nini alifumba macho.

"Dereva anaona shimo," akasema. "Mwili wake unajiandaa kabla. Abiria anatazama mgongo. Kila shimo linamkuta hajui. Ukitaka kumtengenezea abiria, uwe kipofu kama yeye."

Halafu akasema, "Mimi nimebeba watu maisha yangu yote, na leo ndiyo mara ya kwanza kukaa nyuma."

Hakunitajia gunia, na mimi sikulitaja. Tulikula ugali na maharage, tukalala.

Peace


Kifanya, 28 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Nimekwenda. Nimefika. Nimerudi.

Elius aliniambia kwamba Baba ndiye aliyeipima, hakusema namna. Sikumwambia kwamba nimesoma barua yako. Nilipanda, nikamshika kiunoni, na nikawaza: mikono ya Baba ilikuwa hapa.

Kulikuwa na ukungu mzito. Mipaini ilionekana mashina tu, kinyume na ile ndoto yangu. Nilikaa nikingoja tuta la shule ya msingi, nimeuma meno. Likaja, nikalisikia likiwa chini, mbali, kama mtu amegonga mlango wa nyumba ya jirani. Nikangoja jingine. Likaja hivyohivyo. Siti ilishuka, ikapanda polepole, ikatulia. Sikuamini. Nikawa nayahesabu mashimo ninayoyajua kwa majina: la daraja, la mzee Alois, la mchwa. Yote yalipita chini yangu yakiwa na adabu.

Kwenye kona ya mtoni Elius alipunguza mwendo bila kugeuka. Tumbo lilikaa lilivyo.

Baada ya hapo sijui niseme nini. Sikulala, maana nilimsikia Elius akiimba wimbo wa kwaya, ule upande wa besi peke yake, ambao bila sauti nyingine hauna maana yoyote. Lakini wala sikuwa macho. Ukungu uliingia kwenye kofia ukanilowesha nyusi. Mtu mmoja na mbuzi wake walitokea, wakasimama pembeni, wakafutika. Nikamwona Mama amekaa kando ya njia na kikapu cha magimbi, kama alivyokuwa akikaa siku za gulio. Nikampungia mkono, naye akapunga, na sikuona ajabu yoyote. Halafu lami ikaanza, na Njombe ikawa pale mbele na mabati yake yote.

Nesi alinigombeza kwa kliniki zilizopotea. Alinigombeza vizuri, nusu saa. Presha yangu ilikuwa imeanza kupanda, akanipa dawa, akasema ningechelewa mwezi mmoja tungekuwa tunaongea mengine. Halafu akaweka tumboni kile kifaa cha kusikilizia moyo wa mtoto. Kilikoroma kwanza kama redio isiyoshika stesheni. Akakisogeza. Kikashika.

Ni kama pikipiki ndogo inayopanda mlima bila kubadili gia.

Sasa nakwenda kila mara. Sijaota tena ile ndoto.

Erica


Ilembula, 12 Julai 2024

Baba,

Shikamoo.

Nimefika Ilembula juzi. Daktari wa Njombe alitaka nisubirie siku zangu karibu na hospitali yenye chumba cha upasuaji. Ningeweza kubaki Njombe. Nimechagua huku kwa sababu ni karibu na wewe, na sikutaka hilo liwe jambo la kukisia.

Nina mimba, Baba. Ni ya tatu. Ina miezi minane na nusu.

Najua kwamba unajua. Peace aliniandikia mambo ya mzani. Lakini kujua si sawa na kuambiwa, na Mama angekuwapo ungeambiwa mwezi wa kwanza, umekaa kwenye kiti chako, na chai. Hayupo wa kukwambia ila mimi. Siyo desturi binti kumwandikia baba yake maneno haya. Nimeyaandika.

Nilikuficha kwa sababu sikutaka utumaini. Nilisema nitakwambia mtoto akizaliwa mzima. Juzi usiku mwanamke wa kitanda cha pili alipoteza wa kwake, na nimemwona baba yake mzazi akija asubuhi na chupa ya uji, hajui, anauliza wauguzi mtoto ni wa kike au wa kiume. Nikaona kwamba nilikosea. Huyu mzee habari haikumwokoa kwa kuchelewa. Ilimkuta peke yake tu.

Kwa hiyo nakwambia sasa, wakati bado hatujui. Presha yangu haijatulia. Wanasema huenda wakanipasua. Ninaogopa, Baba.

Mwanao,
Erica


Makambako, 14 Julai 2024

Erica mwanangu,

Barua yako imefika kwa mkono wa dereva wa gari la maziwa. Marahaba.

Nimeisoma. Ahsante kwa kuniambia.

Tangu Machi nilikuwa nikiamka nasema kimoyomoyo, leo nisitumaini. Nikafungua banda, nikafanya kazi. Mchana nilikuwa nimeshatumaini tena. Hakuna siku niliyoweza. Kwa hiyo usijilaumu kwamba ulinikinga, hukunikinga na chochote, na wala usijilaumu kwamba sasa umenipa mzigo. Nilikuwa nao.

Sijui maneno ya kumwambia mtu anayeogopa. Mama yako ndiye aliyekuwa nayo. Mimi nitafanya hivi. Kesho Peace atashika banda, mimi nitakuja Ilembula. Desturi inasema baba asiingie wodi ya wazazi, na ni desturi nzuri, sitaingia. Kuna benchi nje, upande wa ukuta unaopata jua asubuhi. Nitakaa hapo. Nitarudi kulala kwa Mzee Steven wa kwaya, asubuhi nitakuwa hapo tena.

Huna haja ya kutoka kuniona. Ukihitaji kitu, au usipohitaji kitu, mwambie nesi yeyote amwite yule mzee wa benchini.

Baba yako,
Yoeli


Ilembula, 27 Julai 2024

Shemeji Peace,

Simu nilikupigia, umesikia ni mtoto wa kike na wote wawili wako salama. Ulipiga kelele hadi salio langu likaisha, kwa hiyo mengine nayaandika hapa na Baba atakuja nayo kesho akirudi bandani.

Walimpasua jana alfajiri. Presha ilipanda ghafla, daktari hakungoja. Mimi waliniambia nikae nje. Nje yupo Baba, kwenye lile benchi, siku ya kumi na mbili hiyo. Nikasimama. Nafasi kwenye benchi ilikuwapo, lakini unajua mambo yetu.

Akasema, "Kaa."

Nikakaa. Baridi ilikuwa kali, alinipa nusu ya blanketi lake, tukajifunika wote wawili. Nadhani nilisinzia, maana nakumbuka ukungu ukiwa mweusi na kisha ukiwa mweupe, na katikati sikumbuki kitu ila bega lake.

Nesi alitoka na mtoto amefungwa kwenye kanga ya kijani. Akaniita mimi kwanza, nikampokea, nikamwangalia. Ana nywele nyingi. Alikuwa macho, anatazama mahali ambapo hakuna kitu. Nesi akasema mama yake anashonwa, anaongea, anauliza kama mzee wa benchini ameambiwa.

Nikageuka nimpe Baba. Akarudi nyuma hatua moja, mikono akaificha ndani ya koti.

"Hapana," akasema. "Mikono yangu ina oili."

Shemeji, hajagusa nati tangu aje huku. Nikamwambia hivyo. Akatikisa kichwa. "Ina oili," akasema tena, na sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Haitoki hii. Nitamchafua."

Nilimrudishia nesi mtoto. Nikamshika Baba mikono, nikaitoa ndani ya koti, nikaigeuza viganja juu kwenye mwanga. Nikamwonyesha. Ilikuwa na makovu, na ilikuwa safi kama sahani.

Akaitazama muda mrefu.

Kisha akakaa benchini, akaweka magoti pamoja, akanyoosha mikono mbele, na nesi akamweka mtoto juu yake.

Shemeji yako,
Elius